Prado kwa saa tatu: namna ya kutembelea makumbusho makubwa ya sanaa ya Madrid bila kuchoka bure

Ukifika Madrid na una nafasi ya kuingia makumbusho moja tu, ingia Prado. Louvre ya Paris ina jina kubwa zaidi, lakini Prado inapitika. Jengo lake la zamani, lililosanifiwa na Juan de Villanueva mwaka 1785, ni refu na lililonyooka, hupotei ovyo. Kilichotundikwa humo kwa sehemu kubwa ni mali iliyokusanywa na wafalme wa Hispania kwa karne kadhaa, wakachagua wenyewe wachoraji waliowapenda, kabla ya milango kufunguliwa kwa umma tarehe 19 Novemba 1819. Ndiyo maana utakuta Velázquez, Goya, Tiziano, Rubens na Bosch kwa wingi usiouona kwingine, na wengine maarufu hawamo kabisa.

Kazi zilizo ukutani zinapita elfu moja. Anayejaribu kuziona zote hutoka na maumivu ya mgongo na hakumbuki hata moja. Mwongozo huu umejengwa juu ya ushauri mmoja: chagua chache, zifuate kwa mpangilio, simama mbele ya kila moja mpaka ianze kukuonyesha kitu ambacho hukukiona mara ya kwanza. Prado yenyewe inakulazimisha kidogo, kwa sababu kupiga picha ndani ya kumbi ni marufuku. Simu inabaki mfukoni.

Kabla hujaondoka nyumbani

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ila asiyetaka presha asingoje hizo siku 15. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama Madrid ni siku mbili tu katikati ya wiki mbili za Italia, ubalozi wako ni wa Italia.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Prado hufunguliwa kila siku, Jumatatu ikiwemo. Jumatatu hadi Jumamosi ni saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku. Jumapili na sikukuu hufunga saa 1 usiku. Siku zinazofungwa kabisa ni tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Kwenye tiketi utaona 10:00 au 14:30, kwa hiyo fanya hesabu ya saa zetu mapema. Wapo waliokosa muda wao wa kuingia kwa kusoma saa 10 wakaelewa alasiri.

Nyakati nzuri ni mbili. Ya kwanza ni mlango unapofunguliwa. Ya pili, ambayo wageni wengi hawaijui, ni kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, kwa sababu Wahispania hula chakula cha mchana muda huo na vikundi vya watalii hupelekwa kula nao. Kwenye joto la Julai na Agosti, muda huo wa alasiri una faida nyingine: nje jua linachoma, ndani kuna kiyoyozi.

Hatua ya 2: Tiketi, na suala la kuingia bure

Tiketi ya kawaida ni euro 15. Wenye miaka zaidi ya 65 hulipa nusu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na wanafunzi wa miaka 18 hadi 25 hawalipi pia, wawe raia wa nchi yoyote, mradi waonyeshe kitambulisho cha chuo kisichopitwa na muda. Mwanafunzi wa Dodoma au Makerere ana haki hiyo sawa na wa Barcelona, kwa hiyo usiache kitambulisho chako nyumbani. Bei hupandishwa mara kwa mara, hivyo angalia tovuti ya makumbusho yenyewe kabla ya kununua, na ununue hapohapo. Tovuti za mawakala huongeza cha juu kwa kitu kilekile.

Kisha kuna saa za bure kwa watu wote: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, Jumapili na sikukuu kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Je, zinafaa? Kwa mtu mwenye jioni mbili au tatu Madrid, zinafaa sana. Jioni ya kwanza unamwona Velázquez peke yake, ya pili Goya, na hujatoa senti. Kwa mwenye siku moja, lipa. Foleni ya bure huanza kujipanga muda mrefu kabla ya saa 12, na ukishaingia unabaki na saa moja na nusu ya kubanana na wenzako.

Ukipanga kuona pia makumbusho jirani ya Thyssen-Bornemisza na Reina Sofía, uliza tiketi ya pamoja iitwayo Paseo del Arte. Inaokoa takriban sehemu moja ya tano ya bei, na si lazima uyamalize yote kwa siku moja.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka uwanja wa ndege wa Barajas kuna basi la njano, njia 203, linalotembea mchana na usiku. Mchana linafika hadi kituo cha Atocha, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa kama dakika kumi hadi Prado. Usiku linaishia Cibeles, nako si mbali. Kwa metro, shuka Estación del Arte kwenye njia ya 1, au Banco de España kwenye njia ya 2.

Usije na sanduku la safari. Liache hotelini, au kwenye makabati ya kukodi pale Atocha. Na kwenye metro, hasa njia ya 1 na karibu na Sol, begi liwe mbele ya kifua. Wachomoaji wa Madrid ni mafundi kama wa Kariakoo, na mgeni anayetazama ramani ndiye riziki yao.

Hatua ya 4: Mlango sahihi

Jengo lina milango kadhaa na kila mmoja una kazi yake. Aliyenunua tiketi mtandaoni huingilia Puerta de los Jerónimos, upande wa nyuma, penye kanisa kilimani. Dirisha la kununulia tiketi liko Puerta de Goya, upande wa kaskazini, penye sanamu ya Goya. Lile lango kubwa lenye nguzo na sanamu ya Velázquez ni zuri kwa picha ya nje. Piga hapo, kwa sababu ndani hutapiga.

Utapita kwenye mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege. Begi kubwa la mgongoni na mwavuli huachwa consigna, yaani mapokezi ya mizigo, bila malipo. Chakula na vinywaji haviingii kwenye kumbi. Upande huu wa Jerónimos ni jengo jipya la Rafael Moneo lililofunguliwa mwaka 2007. Vyoo, mgahawa, duka na dawati la maelezo vyote viko hapa. Maliza haja zako sasa, chukua ramani ya karatasi, na uliza kama kuna ukumbi uliofungwa leo. Swali hilo la mwisho ni muhimu, maana kazi huhamishwa au huazimwa, na namba za vyumba ninazotaja hapa chini zinaweza kubadilika.

Hatua ya 5: Njia ya kupita

Anza chini, Planta 0, panda ya kwanza, halafu rudi chini kumalizia. Ukumbi huitwa sala, na namba yake imeandikwa mlangoni.

Kwanza nenda moja kwa moja Sala 56A kwa Hieronymus Bosch, usishawishike na chochote njiani. Sababu ni ya kivitendo: chumba chenyewe kidogo, na kufikia saa 5 huwezi kuikaribia El jardín de las delicias, yaani Bustani ya Starehe. Ni mchoro wa mbao tatu zilizounganishwa kwa bawaba, wa miaka ya 1490 hadi 1500 hivi. Kushoto ni Edeni, katikati ni bustani iliyojaa watu uchi na matunda makubwa kuliko wao, kulia ni jehanamu ambako vyombo vya muziki vimegeuzwa vya mateso. Anza na Edeni. Juu kidogo kuna twiga, mweupe pe, na tembo pia yumo. Twiga huyu amechorwa Uholanzi zaidi ya miaka mia tano iliyopita, na inaaminika kuwa chanzo chake ni michoro ya msafiri wa Kiitalia aliyefika Misri. Sisi tuliomwona twiga barabarani Mikumi tunaweza kumkagua kwa haki kabisa. Shingo amepatia.

Kwenye ubao wa katikati, angalia pia wanaume na wanawake weusi waliochanganyika na wengine kwenye starehe ileile, hawajatengwa pembeni wala hawamtumikii mtu. Kisha zunguka nyuma. Wengi huondoka bila kujua kuwa mgongoni kuna mchoro mwingine, dunia ikiwa duara la kijivu siku ya tatu ya uumbaji, ulioonekana mbao zilipofungwa. Chumba hichohicho kina Kuabudu kwa Mamajusi, wa Bosch pia, na humo mfalme mweusi aliyevaa nguo nyeupe ndiye mwenye madaha kuliko wote.

Karibu na hapo, Sala 58, kuna Kushushwa Msalabani kwa Rogier van der Weyden, kazi iliyokamilika kabla ya 1443. Simama mbali kwanza. Utaona mwili wa Yesu na mwili wa Maria aliyezimia vimepinda kwa umbo lilelile, mmoja chini ya mwingine. Sogea karibu, mpaka pale mlinzi anapoanza kukuangalia, utazame machozi. Yamechorwa moja moja, yana mng'ao. Lile gauni la samawati la Maria limepakwa rangi ya jiwe la thamani lililoletwa kutoka Afghanistan. Siku hizo mteja aliyetaka rangi hiyo alijua anachokilipia.

Ukiwa bado chini, pitia Mona Lisa wa Prado. Ni nakala iliyotengenezwa katika karakana ya Leonardo wakati mmoja na ile ya Paris, na ilipokarabatiwa mwaka 2011 na 2012 rangi nyeusi iliyofunika mandhari ya nyuma iliondolewa. Ana nyusi, mashavu yana damu, na mbele yake hakuna umati. Kwa maoni yangu anapendeza kuliko yule wa Louvre.

Sasa panda Planta 1. Utapita kwenye ukumbi mrefu wa katikati, ambako Carlos V wa Tiziano, mchoro wa mwaka 1548, amekaa juu ya farasi na silaha mkononi. Mpe dakika mbili, endelea hadi Sala 12.

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Las Meninas wa Velázquez, mwaka 1656, una urefu wa zaidi ya mita tatu. Usiukimbilie. Simama mlangoni mwa ukumbi, mbali kabisa, na utaona chumba kinaendelea ndani ya ukuta. Binti mfalme Margarita yuko katikati na wasichana wawili wa kumhudumia. Kulia yupo Mari Bárbola, mwanamke mfupi wa kimo anayekutazama usoni bila woga, na kijana Nicolás Pertusato amemkanyaga mbwa aliyelala. Kushoto yupo Velázquez mwenyewe na brashi, mbele ya turubai kubwa ambalo wewe unaona mgongo wake tu. Anamchora nani? Tazama kioo ukutani nyuma: sura mbili hafifu, mfalme Felipe IV na malkia Mariana. Ina maana wamesimama pale uliposimama wewe.

Baada ya hapo sogea polepole. Kadiri unavyokaribia ndivyo vitu vinavyoyeyuka. Nguo ya binti mfalme inakuwa mikwaruzo ya kijivu na nyeupe, pambo la nywele linakuwa madoa. Rudi nyuma hatua nne, yanajikusanya tena. Fanya hivyo mara mbili tatu, hakuna atakayekucheka, wachoraji wanaokuja hapa hufanya vilevile. Na msalaba mwekundu kifuani mwa Velázquez uliongezwa baadaye, kwa sababu ni alama ya cheo cha Santiago, shirika la heshima la mashujaa wa Hispania, alichokipata mwaka 1659, miaka mitatu baada ya kuchora.

Kabla hujaondoka kwa Velázquez, uliza dawati la maelezo au mlinzi kama Wito wa Mathayo Mtakatifu wa Juan de Pareja umetundikwa. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, mtu mwenye asili ya Kiafrika, aliyefanya kazi kwenye karakana yake. Velázquez alimwandikia hati ya uhuru akiwa Roma mwaka 1650, kwa sharti la kutumikia miaka minne zaidi. Mwaka 1661 Pareja alichora mchoro huu mpana wa zaidi ya mita tatu, akajiweka mwenyewe upande wa kushoto kabisa, amesimama wima, anatutazama, na karatasi mkononi yenye jina lake. Bwana wake alijichora ndani ya kasri la mfalme, naye akajichora kwenye chumba kimoja na Yesu. Mchoro wenyewe una ufundi wa kawaida ukilinganisha na wa Velázquez, hilo lisikuzuie. Pengine ni kazi utakayoisimulia zaidi ukirudi.

Ghorofa hiyohiyo, Sala 32, ni Familia ya Carlos IV ya Goya, mwaka 1800, na Goya naye amejichomeka gizani nyuma kwa kumwiga Velázquez. Vyumba vichache mbele wako wale Maja wawili, wanawake aliowachora Goya, mmoja amevaa na mwingine uchi, wanatundikwa pamoja. Kwa ajili yao Goya aliitwa na Baraza la Uchunguzi la Kanisa mwaka 1815. Kama umesafiri na mama mkwe, jua mapema kuwa chumba hicho kipo mbele yenu.

Hatua ya 6: Pumzika, kisha Goya wa giza

Kufikia hapa miguu inalalamika. Rudi upande wa Jerónimos, kaa mgahawani nusu saa, kunywa maji. Mtu aliyechoka hawezi kutazama kilichobaki.

Kilichobaki kiko Planta 0, Sala 64 hadi 67. Kwanza Tarehe 3 Mei 1808, uliochorwa 1814: askari wa Napoleon wamepanga bunduki, hawana nyuso, na mtu wa shati jeupe amenyoosha mikono mbele ya taa iliyowekwa chini. Kiganja chake cha kulia kina alama kama ya msumari. Halafu ingia chumba cha Michoro Myeusi. Goya, mzee na kiziwi, aliichora 14 moja kwa moja kwenye kuta za nyumba yake nje ya Madrid kuanzia karibu mwaka 1820, bila mteja, bila kuipa majina. Miaka ya 1870 ilibanduliwa na kuhamishiwa kwenye turubai. Saturno, mungu wa hadithi za Kirumi, anayemla mwanawe ndiye anayejulikana, na ukiwa na watoto wadogo wapitishe haraka. Mimi husimama zaidi kwa Mbwa. Kichwa kidogo tu kinachungulia chini, na juu yake ni rangi ya vumbi tupu mpaka kwenye fremu.

Kama Guernica ndiyo iliyokuleta

Wengi huzunguka Prado wakiitafuta Guernica ya Picasso. Haimo. Tangu 1992 iko Reina Sofía, mwendo wa kama dakika kumi kuelekea Atocha, mkabala na kituo cha treni. Makumbusho hayo hufungwa Jumanne, kwa hiyo Jumanne iwe siku ya Prado, si kinyume chake. Siku nyingine za wiki kuna kuingia bure kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, na Jumapili saa 6:30 hadi 8:30 mchana. Kwa hiyo mpango wa siku moja unawezekana: Prado kwa kulipa saa 4 asubuhi, kula, kulala kidogo hotelini, kisha Guernica bure usiku. Kwa karibu mita nane za upana, inatosha yenyewe kwa jioni hiyo. Picha za simu zimeruhusiwa mbele yake tangu Septemba 2023, bila mwanga wa flashi na bila fimbo ya kujipiga.